Jinsi ya kuwa mtu wa watu mahali ulipohamia: mwongozo kamili

Wanaohamia mtaa mpya, hasa kwenye nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita na uwanja mmoja, hukwama karibu kwa namna ile ile. Kuna anayejifungia ndani akingoja wamzoee. Kuna anayeingia kwa kishindo: leo soda kwa wote, kesho utani, keshokutwa anajua siri za nusu ya mtaa. Miezi mitatu ikipita, wote wawili wana lalamiko moja: majirani wa huku wana roho mbaya.

Hawana. Wanachokipima ni kitu kimoja tu: nikiwa karibu na huyu, inabidi nijihadhari? Akipendwa mtu, ujue watu wamejibu hapana. Hatua zilizo hapa chini ni za kulifikia jibu hilo. Nimezipanga kwa mtaa wa Dar es Salaam kwa kuwa ndio ninaoujua, ila mwenye kazi mpya au chumba kipya cha hosteli hatakuwa na mengi ya kubadilisha.

## Mahitaji

- Muda. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba watu wanaofahamiana tu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili waanze kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 ili wawe wa karibu. Kwa hiyo usijihukumu kwa wiki mbili.
- Mahali pa kuandika majina. Simu inatosha.
- Akiba ndogo ya michango: msiba, usafi, taa ya uwanjani. Kiwango cha mtaa, si zaidi.
- Chombo kimoja au viwili vya kuazimisha: nyundo, beseni kubwa, sufuria ya shughuli.
- Vazi la msibani, liwe tayari. Kanga, baibui, kofia, shati la mikono mirefu, kulingana na wewe ni nani.

Usichohitaji ni uchangamfu wa kuzaliwa, sura nzuri au vichekesho. Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani, Norman Anderson, aliwapa wanafunzi wa chuo maneno 555 yanayoeleza tabia za watu, wayapime kwa jinsi wangempenda mtu mwenye tabia hiyo. Juu kabisa walipanda mkweli wa moyo, mwaminifu na mwelewa. Mcheshi alikuja nyuma yao. Mkiani kabisa alikuwa mwongo, na mnafiki hakuwa mbali naye. Kama wewe ni mkimya, tulia, nafasi yako ipo.

## Hatua ya 1: Jitambulishe, kisha nyamaza

Fanya hivi ndani ya siku mbili za kwanza. Anza na mwenye nyumba au anayemwakilisha, fuata milango iliyo jirani na wako, malizia kwa mjumbe wa eneo au ofisi ya serikali ya mtaa.

Piga hodi ukiwa umesimama pembeni ya mlango, si katikati ukichungulia ndani. Ukiitikiwa karibu, usivuke kizingiti mpaka mwenyeji atokee au akuite tena. Sema mambo matatu: jina lako, chumba ulichopanga, na kwamba umeona uje kuwasalimu. Basi.

Kwa nini: Siku umeme wa chumbani kwako utakapokatika, au mgeni wako atakapopotea njia, jirani anayelijua jina lako atasaidia. Asiyelijua ataangalia tu.

Onyo: Usieleze kazi yako, kodi unayolipa wala sababu ya kuhama ulikotoka. Ukiulizwa, jibu kwa ufupi bila kudanganya. Anayejimwaga siku ya kwanza huwaacha watu wakijiuliza na yao atayamwaga wapi.

Dalili ya mafanikio: Mtoto wa jirani anakupita kimya, na mama yake anamkemea: "Hujamwona anko? Mwamkie!"

## Hatua ya 2: Salimia kila siku, na wote

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa sababu wanadhani wanajua kusalimia. Mtu anatoka asubuhi na hedifoni masikioni, anatupa "mambo" hewani bila kupunguza mwendo, jioni anarudi kachoka na kupita kama hajamwona mtu. Kwa hesabu ya mtaa, huyo hajasalimia.

Utaratibu ni huu. Vua hedifoni kabla ya kufika walipo watu. Punguza mwendo, mtazame unayemsalimia. Wanaokuzidi umri waamkie, "Shikamoo baba", "Shikamoo mama", na usubiri marahaba. Usikimbie nayo nusu. Rika lako wape habari za asubuhi, za kuamka, za toka juzi, vyovyote mradi zina nafasi ya kujibiwa. Mtu akiwa na shughuli mkononi, "pole na kazi" inatosha na haimcheleweshi.

Kuna utata wa umri. Dada anayekuzidi miaka minne anaweza kukujibu, "Unanizeesha wewe!" Hilo si kosa kubwa. Cheka naye, kesho mwambie "habari za asubuhi, dada". Kumnyima shikamoo anayestahili ni kosa zito zaidi kuliko kumpa asiyeihitaji.

Jambo la pili katika hatua hii ni neno *wote*. Mtaa haukupimi kwa jinsi unavyomsalimia mwenye gari. Unakupima kwa dada wa kazi anayefua uani, kwa mlinzi, kwa vijana wa bodaboda pale kona, kwa bibi kizee asiyesikia vizuri ambaye inabidi umsogelee. Ukimwamkia baba mwenye nyumba na kumruka kijana anayemwoshea gari, wote wawili wameona, na huyo kijana ana wenzake ishirini kijiweni.

Kwa nini: Salamu inayokuja kila siku kwa sauti ile ile humweka mtu huru, hana haja ya kubahatisha leo umeamkaje. Ndiyo maana anayesalimia leo na kununa kesho huogopwa kuliko asiyesalimia kabisa.

Onyo: Usisalimie kwa nguvu tu siku unayohitaji kitu. Watu wana kumbukumbu.

Dalili ya mafanikio: Siku uliyochelewa kutoka, mtu anakuuliza, "Leo vipi, hukwenda kazini?"

## Hatua ya 3: Shika majina, fuatilia habari

Andika jina la kila unayekutana naye, pamoja na jambo moja linalomhusu. "Mama Zuhura, genge, mwanawe yuko darasa la saba." Wengi mtaani huitwa kwa jina la mtoto, na wewe mwite kama wengine wanavyomwita.

Sasa mfano. Umefika gengeni jioni, Mama Zuhura anakupimia nyanya huku uso umemshuka. Anasema mtoto kashinda na homa. Kuna majibu matatu yanayosikika sana.

La kwanza: "Pole. Niwekee na vitunguu vya jero."

La pili: "Pole mama, hata mimi mwaka jana nililazwa wiki nzima, walinitundikia dripu…" Hapo Mama Zuhura amegeuka mfariji wako, na nyanya bado anakupimia.

La tatu: "Pole mama. Imeanza lini? Mmeshampima?" Anakueleza kwamba ilianza usiku, na kwamba baba yake amempeleka zahanati. Unasikiliza mpaka mwisho, unalipa, unaondoka.

Lenye uzito ni la tatu, ila kazi yake haijaisha. Inaisha kesho yake unapopita na kusema, kabla hujaagiza chochote, "Mgonjwa anaendeleaje?" Sentensi hiyo moja inafanya zaidi ya kreti ya soda.

Karen Huang na wenzake wa Harvard walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa mazungumzo ya watu wasiofahamiana. Walioulizana maswali zaidi walipendwa zaidi, na maswali yaliyofanya kazi kuliko mengine ni yale ya kufuatia, yanayozaliwa na jibu alilotoa mwenzako. Swali jipya kila dakika si maongezi, ni usaili.

Onyo: Fuatilia alichokwambia yeye. Ulichokisikia kwa mwingine usikianzishe, hata kama unamwonea huruma kweli. Na usiulize mbele za watu habari aliyokupa mkiwa wawili.

Dalili ya mafanikio: Mtu anaanza kukueleza jambo kabla hujauliza, na anamalizia kwa kukuuliza na yako.

## Hatua ya 4: Kaa panapoonekana

Chagua mahali pamoja ambapo watu hukaa tu: kibarazani, kwenye kahawa na kashata, penye bao au drafti, kwenye bomba la uani wakati wa kuchota maji. Kaa dakika ishirini, mara mbili tatu kwa wiki. Simu iwe mfukoni. Huhitaji kuongoza maongezi. Kuangalia watu wakicheza bao na kutikisa kichwa kete ikiliwa ni ushiriki tosha.

Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyumba za wanafunzi wenye ndoa wa chuo cha MIT. Waliopakana mlango kwa mlango walitajana kuwa marafiki kwa asilimia 41, walioachana mlango mmoja asilimia 22, na waliokaa ncha mbili za korido asilimia 10. Waliokaa karibu na ngazi, ambako wa juu na wa chini hupishana, walipata marafiki wa ghorofa zote mbili. Hawakuwa na tabia nzuri kuliko wengine. Walikuwa njiani tu.

Nawe jiweke njiani. Kama unatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, tenga Jumapili jioni.

Onyo: Kijiwe kina wenyewe, na viti vina wenyewe pia. Siku za mwanzo kaa ulipoonyeshwa, na usitoe hukumu juu ya mpira, siasa au dini mpaka ujue nani ni nani.

## Hatua ya 5: Omba kidogo kabla ya kutoa kikubwa

Mgeni anayeanza kwa kugawa huwatia watu deni wasilolikopa. Wapo watakaopokea na kukucheka pembeni, wapo watakaokukwepa kwa kuwa hawana cha kurudisha. Anza kwa kuomba: kibiriti, ufagio wa chelewa, ushauri wa fundi bomba, njia ya mkato ya kwenda sokoni.

Benjamin Franklin, mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18, alikuwa na mpinzani katika bunge la Pennsylvania. Hakumfuata kwa maneno matamu. Alimwomba amwazime kitabu adimu, akakirudisha baada ya wiki hivi pamoja na barua ya shukrani. Ameandika mwenyewe kwamba tangu hapo walikuwa marafiki mpaka mwenzake alipofariki. Aliyekufanyia wema mdogo huanza kujiona yuko upande wako.

Ila kurudisha ndiko kunakohesabiwa. Rudisha siku uliyoahidi, kikiwa kisafi kuliko ulivyokipokea. Bakuli la jirani lililokuja na chakula lisirudi tupu: maandazi mawili, embe, vipande vya muhogo, chochote kilichopo.

Onyo: Usiombe fedha. Hata elfu mbili ya nauli. Umaarufu wa mkopaji husambaa ndani ya siku moja na hukaa miaka.

Dalili ya mafanikio: Wanaanza kukuazima wewe. Ndiyo kazi ya ile nyundo na beseni.

## Hatua ya 6: Lipa na fanya zamu bila kukumbushwa

Hii ni fupi. Umeme wa LUKU wa kuchangia, bili ya maji, zamu ya kufagia uwanja na kuosha choo: maliza kabla ya kuulizwa. Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga ni wa elfu tano na choo. Mpangaji mkimya anayelipa tarehe moja ana marafiki kuliko mchangamfu anayefuatwa hadi chumbani.

Ukikwama, sema kabla ya siku yenyewe, na utaje siku utakayotoa.

## Hatua ya 7: Msiba

Unaweza kukosa harusi na watu wakasahau. Msiba haukoswi.

Ukisikia, nenda siku hiyo hiyo, hata kama marehemu hukumjua. Vaa kwa heshima. Ukifika, toa pole kwa wafiwa kwa maneno machache: "Poleni sana kwa msiba. Mungu awape subira." Kisha tafuta anayeshika daftari la rambirambi, toa kiwango cha kawaida, andikwa. Usitoe noti kubwa kwa kuipepea. Hapo si mahali pa kujulikana.

Halafu kaa. Wengi hufika, huchangia, huondoka baada ya dakika kumi, na hujiona wamemaliza. Kinachokumbukwa ni mikono. Wanawake wako nyuma wakimenya vitunguu na kuchagua mchele. Vuta kigoda, shika kisu. Wanaume wanafunga turubai na kushusha viti kwenye gari. Beba viti. Mtu ambaye hamjawahi kuzungumza atakupa upande wa pili wa kamba ya turubai na kukwambia "vuta kwako", na kuanzia hapo mnafahamiana.

Onyo: Usiulize marehemu aliumwa nini, wala nyumba anaiacha kwa nani. Usipige picha. Na usitoe nadharia za kilichomuua, hata wengine wakizitoa.

Hatua ambayo karibu wote huiruka ni ya baada ya matanga. Turubai limeshushwa, ndugu wa mkoani wamerudi makwao, na mfiwa amebaki na vyombo vya kuazima vya kurudisha. Pita siku hiyo. Kaa robo saa. Saidia kurudisha sufuria za watu.

Dalili ya mafanikio: Msiba unaofuata, hukusikia kwa bahati. Umepigiwa simu.

## Hatua ya 8: Yaliyosemwa yaishie kwako

Ukishazoeleka, utaanza kuletewa habari. Ni kipimo, hata kama anayekuletea hajui kwamba anakupima.

Huna haja ya kumhubiria. Sema, "Hiyo siijui vizuri," kisha geuza: "Hivi ile bomba ya kona wameshaitengeneza?" Akirudi nayo mara ya pili, "Labda umuulize mwenyewe." Mara ya tatu hatakuletea.

Kwa nini: Mwaka 1998 John Skowronski na wenzake walionyesha kwamba unapomweleza mtu tabia ya mwenzako, msikilizaji huishia kukuhusisha wewe na tabia hiyo. Sema fulani ni mchoyo mara tatu, na uchoyo unaanza kunuka kwako. Kumbe na kinyume chake kinafanya kazi: ukimsifu fundi kwa uaminifu wake, sifa inakurudia.

Kwenye grupu la mtaa la WhatsApp, kanuni ni hiyo hiyo, ila kali zaidi, maana maneno yanabaki. Usisambaze habari ya mwizi, ugonjwa au mtoto aliyepotea kabla hujajua imetoka kwa nani. Sauti zisizidi dakika moja. Na kama una neno na mtu mmoja, mfuate yeye.

## Hatua ya 9: Jifunze kukataa

Hapa naomba niseme bila kuzunguka. Anayekubali kila kitu hapendwi, anatumiwa, na siku atakapochoka atalipuka kwa jambo dogo na watu watashangaa. Mtaa hauna shida na hapana. Una shida na ndiyo isiyotimizwa, na visingizio.

Hapana nzuri ina sehemu tatu: pole, jibu, na kile unachoweza. "Pole sana kaka, mwezi huu fedha ya kukopesha sina. Ila kesho asubuhi nina nafasi, kama kuna mzigo wa kubeba niite."

Usiseme "ngoja nione" kama umeshaona. Usiseme mkeo amekataa. Wakikutana gengeni itajulikana, na kumbuka ni nani aliyewekwa mkiani katika orodha ya Anderson.

Dalili ya mafanikio: Uliyemkatalia Jumatatu anakusalimia vizuri Jumanne.

## Kujipima, na asiyekupenda

Jipime baada ya miezi mitatu, kwa dalili zilizotajwa, si kwa hisia. Hisia hudanganya upande mmoja. Erica Boothby na wenzake waligundua mwaka 2018 kwamba baada ya maongezi watu hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli, na kwa wanafunzi walioishi pamoja bwenini dhana hiyo ilidumu miezi. Ukirudi chumbani ukijiuliza kama ulisema upuuzi kibarazani, ujue huenda aliyekuwa kando yako naye anajiuliza hivyo hivyo.

Bado atakuwepo mmoja asiyekutaka. Labda chumba ulichopanga alikitaka ndugu yake, labda unafanana na mtu aliyemdhulumu. Msalimie mara moja kwa siku kama wengine, asipoitikia pita. Usimtumie zawadi, usimtume mtu akuulizie, usimlalamikie kwa majirani, kwani hapo unawalazimisha wachague upande.

Kama kuna jambo halisi kati yenu, maji ya kufulia yanayoingia mlangoni kwake, muziki, deni, mfuate mwenyewe jioni akiwa peke yake. Taja jambo lenyewe na utakachofanya. Akikataa kusikia, nenda naye kwa mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili au kwa mjumbe, lakini mjulishe kwanza kwamba unakwenda.